Vyuma Katika Dirisha la Osob

Mwaka ule wa misako, mwizi wa Garissa hakuhitaji giza. Askari walikuja alfajiri, wakauzunguka mtaa, na kipaza sauti kikaita: kila mtu uwanjani, mzee kwa mtoto, mgonjwa abebwe. Watu walitia milango yao kufuli, wakashika vipande vyao vya utambulisho mkononi, wakaenda kuketi juani mpaka alasiri, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wakikaguliwa mmoja mmoja kuona kama kuna shifta, waasi wa porini, kati yao. Nyuma yao mtaa mzima ulibaki mtupu. Aliyethubutu kubaki ndani alijua kinachomngoja. Akikutwa, yeye ni adui, na nyumba iliyomficha huchomwa moto. Hata hivyo walikuwapo waliobaki. Watu waliporudi na midomo imewakauka walikuta kufuli iko palepale, mlango mzima, na dirisha limebanduliwa. Lilikuwa ubao mwembamba tu, wenye komeo la mti. Teke moja liliutosha.

Ndipo jina la Guleid likaanza kutajwa katika nyumba ambazo hazikuwahi kulitaja.

Guleid alikuwa mhunzi, kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mikono myeusi kwa masizi, shingo haijui kuinama. Alizaliwa katika ukoo wa wahunzi, ambao wenye mifugo wa pale huwaita Tumaal, na ambao tangu enzi za mababu hawaozwi mabinti wa wenye ngamia wala hawaketishwi nao kwenye jamvi moja. Ukitaka kisu au shoka, unamwita. Akishakupa, anarudi kwake. Guleid alilijua hilo tangu utotoni na hakulizoea hata siku moja. Alikuwa na usemi wake: chuma hakiulizi ukoo wa anayekipiga.

Alinunua vyuma vya lori bovu lililotupwa njia ya Wajir, akavinyoosha kwenye moto, akavikata, akaviita vyuma vya dirisha. Kazi yake ilikuwa ya kupendeza kuitazama. Alitoboa fremu ya mbao juu na chini, akapitisha vyuma, akavifunga kiunoni kwa bapa lenye matundu, kisha akavigonga ncha mpaka zikapanuka kama kichwa cha uyoga, zisiweze tena kurudi zilikotoka. Ncha zile akazifukia kwa saruji. Mwanamume mzima angening'inia pale na chuma kisitoe hata mlio.

Ahmednoor, mwenye duka la nguo na majani ya chai karibu na msikiti, alimwita mwezi wa Shaabani. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, yenye paa la mabati, na chumba cha kulala kilikuwa na dirisha moja tu lililoelekea uchochoroni.

"Weka sita," Ahmednoor alisema.

"Sita ni chache, adeer," Guleid akasema, akimwita ami kwa heshima. "Dirisha hili ni pana. Weka kumi na mbili, mkono usipite."

"Kumi na mbili! Kwani nafuga simba humu?"

"Simba hana vidole. Mwizi anavyo."

Kicheko kilisikika nyuma ya pazia. Alikuwa Osob, mke wa Ahmednoor. "Mwambie aweke sita, baba Nimo. Joto la chumba hiki litatuua kabla wezi hawajafika."

"Umesikia?" Ahmednoor alimwambia Guleid. "Aliyeamua si mimi."

"Sita, basi. Lakini nimesema."

"Umesema, na masikio tunayo. Wewe piga nyundo."

Akapiga nyundo siku mbili. Chai aliletewa kwenye mkebe wa maziwa, ikawekwa nje ya kizingiti, kwa kuwa vikombe vya ndani vilikuwa vya wengine. Guleid hakuinywa. Aliiacha ikapoa, akamaliza kazi yake, akamwita Ahmednoor atikise kila chuma kwa mikono miwili. Ahmednoor alitikisa mpaka akahema, akakiri kwamba havichezi.

Siku kumi hazijapita, msako ukaja.

Uwanjani, kama saa tatu hivi, mwanajeshi mmoja aliuliza nani anajua chuma. Watu wakamwonyesha Guleid. Akatolewa mstarini, akapelekwa kwenye lori lililovunjika springi nyuma ya mtaa, akalitengeneza mpaka adhuhuri, kisha dereva akamwambia aende zake. Lori likaondoka kuelekea Wajir pamoja na wote waliomwona akifanya kazi. Uwanja mzima ulimwona akitoka. Hakuna aliyemwona akimaliza.

Jioni ile Osob alipofungua chumba chake, ubao wa dirisha ulikuwa wazi na vyuma sita vimesimama vilevile. Ukutani, mahali ulipokuwa ukining'inia mkoba wa ngozi wenye dhahabu zake za arusi, palikuwa na kigingi kitupu.

Ahmednoor alivitikisa vile vyuma. Havikucheza. Akavitikisa tena. Mlango ulikuwa na kufuli, paa zima, ukuta mzima. Akatoka uchochoroni na kusema kwa sauti jambo ambalo kila jirani alikwisha kulifikiria: chuma kisichofunguka kwa mtu yeyote hufunguka kwa aliyekifua.

Maneno yale yalikimbia kuliko moto wa nyasi. Kesho yake watu walionekana wakivuta vyuma vya madirisha yao, wakitafuta kile kimoja cha hila. Watoto walikwisha kutunga wimbo, nao walipita mbele ya kiwanda chake wakiuimba:

*Fundi hugonga vizuri, ili wasimkosoe,*
*kimoja hufanya siri, kesho aje akitoe.*

Guleid aliusikia wimbo, akajua hapo ndipo maisha yake yalipofika. Mhunzi aliyeitwa mwizi kipindi kile hakushtakiwa kwa wizi peke yake. Wahunzi wote walikuwa wakitazamwa kwa jicho baya, kwamba ndio wanaowatengenezea shifta bunduki zao porini. Mkononi mwa polisi, neno moja lingevuta jingine. Na ukoo wake ulikuwa mdogo, hauna wazee wa kwenda kumsemea wala mali ya kumkomboa.

Ahmednoor alimkuta msikitini baada ya sala ya adhuhuri. "Kijana, sitaki kukuharibia. Mkoba urudi kesho kabla ya alasiri, na mimi nitasema uliokotwa. Usiporudi, naenda kwa inspekta."

"Usingoje kesho, adeer. Nenda sasa hivi. Mwambie inspekta aje kesho alasiri, na majirani waje wote, na hao watoto wenye wimbo waje. Nitasimama mbele ya dirisha lile niwaonyeshe mwizi wenu alipitaje."

"Unajua alipitaje?"

"Nimeliona dirisha lako kwa mbali tu, na najua. Vyuma vyangu havikuguswa."

"Kiburi chako, Guleid."

"Si kiburi, adeer, nalinda jina langu. Kiburi mnacho nyinyi, mnaoweka mikebe nje."

Asubuhi iliyofuata, kabla makaa hayajashika vizuri, Osob alikuja. Alisimama nje ya ua wa miba, shali imefunika uso mpaka machoni. Mke wa Ahmednoor hakuwahi kukanyaga upande ule wa mji.

"Guleid. Yaache mambo haya."

"Mambo gani, eeddo?" Guleid akauliza, akimwita shangazi kwa heshima.

"Ya leo alasiri. Yule mkoba ulikuwa wa zamani. Dhahabu nitapata nyingine. Nitamwambia mume wangu niliupeleka kwa dada yangu Masalani nikasahau. Nimekusamehe."

Guleid akaacha mvukuto. "Umenisamehe nini?"

Osob akaikaza shali usoni.

"Nauliza, eeddo. Mtu husamehewa alichofanya. Mimi nimefanya nini?"

"Si hivyo, walaal. Nasema tu yaishe."

Alimwita walaal, ndugu, neno ambalo halikuwahi kutoka kinywani mwake kwenda kwa mhunzi. Mtu mwingine angesimama kujiuliza limetoka wapi neno lile. Guleid alisikia dharau tu, mwizi anatupiwa msamaha kama mbwa anavyotupiwa mfupa.

"Ukisema ulisahau Masalani, watasema nimeurudisha kwa woga. Wimbo ule nitazikwa nao. Hapana. Alasiri nitakuwepo."

"Kwa ajili ya Mungu, Guleid."

"Kwa ajili yake huyo huyo, nitakuwepo."

Osob akafungua kinywa kama mtu anayetaka kutema kitu kilichomkwama, kisha akageuka akaenda. Guleid akavuta mvukuto kwa nguvu mpaka cheche zikamrukia mikononi.

Alasiri uchochoro ulijaa. Inspekta, mtu wa bara mwenye kitambi na sauti ya taratibu, aliletewa kiti. Alikuwa na konstebo mmoja. Ahmednoor alisimama kando, mikono nyuma. Osob alikuwa mlangoni.

Guleid alianza na vyuma. Akamwomba konstebo avivute, konstebo akavivuta mguu mmoja ukiwa ukutani, jasho likamtoka. Majirani wakacheka kidogo.

"Havitoki," konstebo akasema.

"Havikutoka siku ile pia," Guleid akasema. "Sasa njooni muone kizingiti cha dirisha. Mnauona mkwaruzo huu juu ya mbao? Ni laini, kitu kimeingia na kutoka mara nyingi. Hii ni fimbo. Sasa tazameni mle ndani, ukutani, chini ya kigingi. Chokaa imechubuka mahali pawili, hapa na hapa, upana wa vidole vitatu. Ni fimbo yenye panda. Panda iliunyanyua mkanda wa mkoba kigingini. Kisha ikageuzwa upande wa pili, na upande wa pili una ndoana." Alikuwa akisema kwa raha sasa, kama mtu anayesoma kitabu alichokiandika mwenyewe. "Mwizi wa mjini angetumia waya. Huyu alitumia kitu anachokijua tangu utoto. Nileteeni hangool."

Hakuna aliyesogea. Hangool ni fimbo ndefu ya wafugaji, yenye ndoana upande mmoja na panda upande mwingine. Kwa fimbo hiyo wanavuta na kusukuma matawi ya miba wakijenga zizi bila kuchomwa. Haikosekani kwenye nyumba yenye mtu aliyechunga.

"Humu ndani hakuna?" Guleid akauliza.

"Hakuna," Osob akasema haraka.

"Iko moja uani," Ahmednoor akasema, akimshangaa mkewe. "Ya shemeji yangu." Akaenda mwenyewe, akaileta.

Guleid akaipokea. Akamwomba Ahmednoor atundike birika kwenye kigingi. Akaingiza mkono na fimbo kati ya chuma cha tatu na cha nne, pale ambapo mkono haungepita kama vyuma vingekuwa kumi na mbili, akainyoosha panda mpaka ukutani, akalinyanyua birika kwa mpini, akaliacha liteleze juu ya fimbo, akageuza, akalivuta kwa ndoana mpaka dirishani. Ilimchukua muda wa mtu kunywa kikombe cha maji. Panda ile iliingia katika alama mbili za chokaa kama mguu katika kiatu chake.

Watu wakapiga kelele. Mzee mmoja akasema wallahi. Mtoto mmoja aliyekuwa akiimba jana akapiga makofi. Guleid akageuka akiwa na birika mkononi, uso unang'aa, akimtafuta Ahmednoor ili amwone akiomba radhi.

Akamwona Osob. Alikuwa ameketi chini kizingitini, shali imemwanguka.

"Hiki kijiti ni cha nani, mmesema?" Inspekta aliuliza kwa sauti yake ya taratibu.

Kelele zikakatika.

"Ni cha shemeji yangu, afande," Ahmednoor akasema. "Olow. Alikuja kutoka Ijara mwezi uliopita, ng'ombe wake wamekwisha. Lakini siku ya msako alikuwa..." Akamgeukia mkewe. "Alikuwa uwanjani. Sivyo? Upande wa majirani zetu, kina Ogle. Mimi sikumwona, watu walikuwa wengi."

Osob akaiokota shali.

"Mama," Inspekta akasema, "ndugu yako ana kipande?"

Guleid alilielewa lote kwa mara moja, kama mtu anayekanyaga mahali ambapo ardhi haipo. Akaelewa neno walaal, na safari ya asubuhi, na lile lililomkwama mwanamke yule kooni. Olow hakuwa na kipande. Dada yake alimficha ndani ya nyumba siku ya msako, na aliyefichwa ndani alitoka uani akaja dirishani kuiba cha aliyemficha. Osob alijua tangu jioni ile ya kwanza. Alijua na asingeweza kusema, maana kusema mwizi ni nani ni kusema nani hakuwa uwanjani.

"Afande," Guleid akasema, "fimbo hizi ziko kila nyumba. Hii au nyingine, zote ni sawa. Mtu yeyote..."

"Umeonyesha vizuri sana, fundi," Inspekta akasema, akainuka. "Sasa nyamaza."

Walimtoa Olow kwenye ghala la duka, chini ya magunia. Alikuwa kijana wa umri wa Guleid, mrefu, mbavu zinahesabika. Mkoba ulikuwa kiunoni mwake, chini ya kikoi. Hakupigana. Ahmednoor alimlilia Inspekta kwamba hakujua lolote, na ilikuwa kweli, nayo haikumsaidia. Duka lilitiwa kufuli ya serikali siku ile ile, na nyumba ya mawe, kwa kuwa haishiki moto vizuri, ilibomolewa kona moja kwa lori ili iwe mfano. Kabla ya kuondoka Inspekta alimpa Guleid mkono mbele ya watu wote. Guleid aliupokea, kwa kuwa hakujua mtu anaukataaje.

Wimbo ulikoma. Wala hakuna aliyekuja tena kuagiza vyuma vya dirisha. Watu walipita mbele ya kiwanda wakitazama upande mwingine, na muuza maziwa, Amino, aliyekuwa akimletea kila asubuhi, alianza kupita njia ya mbali.

Siku ya nne konstebo alikuja kumwita. Chumba cha mahabusu kilikuwa na dirisha bovu, Inspekta ameipenda kazi yake. Haikuwa ombi.

Dirisha lilikuwa dogo, juu ya kichwa cha mtu, likitazama nyuma ya kituo. Guleid alipanda juu ya pipa akafanya kazi tangu asubuhi. Konstebo aliketi kivulini akitafuna muwa. Mle ndani palikuwa kimya mpaka chuma cha mwisho kilipobaki.

"Ni wewe, fundi?" sauti ikauliza kutoka chini. Ilikuwa sauti ya mtu aliyevimba mdomo.

"Ni mimi."

"Nilitaka nauli tu. Kuna lori la kwenda Elwak, mjomba wangu yuko kule. Nilisema ningemrudishia dada siku moja." Akakohoa. "Sikujua watasema ni wewe. Nilipojua nilinyamaza. Hilo ni kosa langu."

Guleid alifuta jasho machoni. Aliingiza chuma cha mwisho katika tundu lake.

"Jumamosi wanatupeleka, mimi na watatu. Hawasemi wapi," Olow akasema. "Mjini walikuwa wakiimba kwamba unaacha kimoja. Acha basi. Kimoja tu, fundi."

Konstebo alikuwa akitema makapi ya muwa. Hakujua chuma. Ncha ya chini ikiachwa bila kupanuliwa, ikafunikwa kwa saruji laini, mtu mmoja angeivuta juu kwa mkono wake. Guleid aliishika ile ncha, bado ina joto. Akaona asubuhi ya Jumamosi, chuma kimelala chini, mji mzima ukisema tulijua, tulisema. Akaona na mto, na vichaka vya ng'ambo, na mtu mrefu akikimbia. Alivitazama vyote viwili. Nyundo ilikuwa mkononi. Baadaye, miaka mingi baadaye, hakuweza kusema kama ni woga ulioinyanyua au ni lile jina lake.

Aligonga mara saba. Ncha ikapanuka.

"Umekaza?" Olow akauliza.

"Nimekaza."

"Haya." Miguu ikasikika ikiondoka dirishani.

Konstebo alikuja akavitikisa vyote, akasema kazi safi.

Lori liliondoka Jumamosi. Jumatatu Osob alikuja tena, bila shali usoni safari hii, akaingia ndani ya ua mpaka kwenye moto, akasimama.

"Wanasema ulikuwa kule. Ulimwona?"

"Sikumwona. Nilisikia sauti yake."

"Alisema nini?"

"Alisema alitaka nauli ya kwenda Elwak. Alisema angekurudishia."

Osob akatikisa kichwa polepole. Machozi hayakuwapo, yalikwisha kwingine. "Na kingine? Hakusema kingine?"

Guleid akachukua koleo, akageuza kipande cha chuma ambacho hakikuhitaji kugeuzwa.

"Hapana, eeddo," akasema. "Hakusema kingine."